Wanawake wa Afrika Mashariki walianza kupiga kura mwaka gani, na kwa nini vitabu havikubaliani

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari moja mkoani Tanga. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wameniuliza wanawake wa kwetu walipata lini haki ya kupiga kura. Nimekuta kitabu kimoja kinasema Tanganyika ni 1959, kingine 1962. Zanzibar nimeona 1957 na pia 1961. Kenya nimeona 1919 na 1963. Upi ni sahihi? Na je, haki hii wanawake walipewa na Mwingereza au waliipigania?

Jibu:

Mwalimu, asante kwa swali. Wanafunzi wako wamegusa jambo ambalo vitabu vyetu hulipita mbio. Katika miaka yote uliyoitaja, mmoja tu ni kosa, nao ni 1957 kwa Zanzibar. Katika uchaguzi wa mwaka ule hakupiga kura mwanamke hata mmoja, kwa sababu sheria yenyewe ilitaka mpiga kura awe mwanamume. Miaka mingine yote ina ukweli ndani yake. Inapishana kwa kuwa kila mwandishi ana mwanamke wake kichwani: huyu anamfikiria mke wa setla, yule muuguzi mwenye cheti, mwingine mkulima wa Handeni ambaye hakuwahi kuketi darasani. Wanawake hawa hawakuingia katika daftari la wapiga kura kwa pamoja. Kenya peke yake, kati ya wa kwanza na wa mwisho kuna miaka 44.

Kwa hiyo darasani ningeanza kwa kuligeuza swali. Badala ya kuuliza mwanamke alipata kura lini, ulizeni ni mwanamke yupi aliyepata kura mwaka ule, na yupi aliyeachwa nje, na kwa sharti gani. Serikali ya kikoloni iliwapitisha watu katika chekeche: kwanza rangi, kisha kipato, kisha elimu, na mahali pengine jinsia. Kila nchi ilikuwa na chekeche lake, na matundu yalikuwa yanapanuliwa kidogo kidogo.

Kenya ndiko mambo yalikoanza. Baraza la Kutunga Sheria liliundwa 1907, wajumbe wakiteuliwa. Masetla wakadai wachague wenyewe, na sheria ya 1919 ikawapa viti 11 na kura kwa Wazungu raia wa Uingereza waliofikia miaka 21, wanaume kwa wanawake. Uchaguzi ukafanyika 1920. Sasa angalia London ilikuwaje wakati huo. Bunge la Uingereza lilikuwa limewapa kura wanawake mwaka 1918, lakini wale tu wa miaka 30 na zaidi, tena wenye sifa za mali. Usawa na wanaume, wa miaka 21, ulifika 1928. Binti wa Kizungu wa miaka 22 aliyekuwa Nakuru mwaka 1920 alikuwa na kura ambayo dada yake aliyebaki Uingereza hakuwa nayo.

Kwa nini koloni liitangulie nchi inayolitawala? Mimi naona hesabu ya rangi ndiyo iliyofanya kazi. Masetla walikuwa wachache, Wahindi wa Kenya waliwazidi kwa mbali, na Wahindi nao walikuwa wanadai viti. Katika hali hiyo kila Mzungu aliyeongezwa kwenye daftari, awe mume au mke, alikuwa na thamani kwao. Baada ya Waraka wa Devonshire wa 1923, yaani tamko la serikali ya Uingereza kuhusu Kenya, Wahindi walipewa viti 5 na Waarabu kiti 1, kila jamii na daftari lake. Wanawake wa Kihindi waliruhusiwa kupiga kura. Wa Kiarabu hawakuruhusiwa, wakabaki nje kwa zaidi ya miaka 30, hadi katikati ya miaka ya 1950 wanawake wa Mombasa walipotia saini ombi rasmi la kutaka kura. Ombi lile wanafunzi wa pwani wanapaswa kulijua. Tumezoea kusimuliwa kwamba mwanamke wa Kiislamu wa mji wa kale alikaa ndani akisubiri wengine wamsemee, na hapa tunaona majina ya wanawake yamepangwa kwenye karatasi, wakiidai kura kwa niaba yao wenyewe.

Mwafrika wa Kenya, mwanamume au mwanamke, alipata mjumbe wake wa kwanza wa kuchaguliwa Machi 1957, viti 8 kwa nchi nzima. Ndio uchaguzi uliowaingiza Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala na Daniel arap Moi. Masharti yalitokana na mapendekezo ya Walter Coutts, afisa wa serikali ya kikoloni, na yalikuwa ya ajabu: ukitimiza sifa moja, kama elimu, kipato, mali au utumishi wa muda mrefu, una kura moja, ukitimiza zaidi unaongezewa, hadi kura tatu kwa mtu mmoja. Sheria haikumzuia mwanamke. Lakini mali na mshahara na cheti vilikuwa mikononi mwa nani? Zaidi ya hapo, kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru, Hali ya Hatari iliyotangazwa kwa ajili ya Mau Mau ilikuwa bado haijaondolewa, na mtu alitakiwa awe na hati ya kuthibitisha utiifu wake kwa serikali. Mwanamke wa Nyeri aliyehamishiwa kwa nguvu katika kijiji kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa, mumewe akiwa kizuizini, hati hiyo angeipata wapi?

Masharti yalilegezwa kwa uchaguzi wa 1961: kujua kusoma au kuandika lugha yako, au kuvuka miaka 40, au kuwa na kipato cha pauni 75 kwa mwaka, au kushika wadhifa. Mei 1963 kila mtu mzima akapiga kura. Huo ndio 1963 wa kitabu chako. Kati ya hapo, mwaka 1962, Priscilla Abwao alikwenda London kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House akiwa mwanamke pekee wa Kiafrika katika ujumbe wa Kenya. Ongeza hili pia, maana wanafunzi hudhani kupiga kura na kuchaguliwa ni kitu kimoja: mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge Kenya ni Grace Onyango wa Kisumu, mwaka 1969.

Sasa twende Tanganyika, na hapa nitakaa zaidi.

Tanganyika haikuwa na uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria hadi Septemba 1958. Uchaguzi ule wa kwanza ulifanywa kwa awamu mbili, nusu ya nchi Septemba 1958 na nusu nyingine Februari 1959. Ndiyo sababu waandishi wengi huandika 1959. Mpiga kura alitakiwa awe na miaka 21, awe mkazi, kisha atimize moja kati ya haya: kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa unaotambuliwa, kama uchifu. Tena ilimlazimu kila mpiga kura kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake inaharibika. Watu waliiita kura tatu. Chama cha TANU kiligawanyika juu yake hadi mkutano wa Tabora wa Januari 1958, ambapo Nyerere alishawishi wenzake washiriki. Zuberi Mtemvu akajitoa na kuunda chama cha Congress.

Soma masharti yale taratibu na wanafunzi. Neno mwanamume halimo. Ukiishia kwenye maandishi ya sheria utaandika kwamba wanawake wa Tanganyika walipata kura sawa na wanaume tangu siku ya kwanza. Lakini chukua mwanamke wa Kilimanjaro anayepalilia kahawa, anayeichuma, anayeibeba. Kahawa ikifika chama cha ushirika, mara nyingi jina lililoandikwa kitabuni ni la mume, na malipo ni yake. Kipato cha shilingi 3,000 hata wanaume wengi hawakukifikia. Mwanamke huyu hana kipato chochote kinachoonekana kwa karani wa uandikishaji. Elimu ya darasa la nane? Shule za kati za wasichana zilikuwa chache mno, na binti aliyefika darasa la nne alihesabiwa amesoma. Uchifu? Zipo jamii zilizokuwa na machifu wanawake, lakini ni wa kuhesabu. Sheria iliyonyamaza kuhusu jinsia iliwaacha nje wanawake karibu wote wa vijijini. Waliopita ni walimu, wauguzi, baadhi ya wanawake wa Kiasia na wa Kizungu.

Na hawa waliobaki nje ndio waliokuwa wamekijaza chama. Hapa ndipo ninapotaka wanafunzi wako wasimame.

Mwaka 1953 serikali ilitoa waraka kuwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Makarani, walimu wa serikali, matabibu, wote wakafungwa midomo. Hao ndio hasa wanaume waliokuja kuwa na sifa za kupiga kura: wana mshahara, wana cheti. TANU ilipozaliwa Julai 1954 ilikosa watu hao katika mstari wa mbele. Mwanamke muuza vitumbua Kariakoo hakuwa na kazi ya serikali ya kupoteza. Alikuwa na uhuru wa kukata kadi ambao mumewe karani hakuwa nao, na wako wanawake waliokata kadi ilhali waume zao hawathubutu. Ikawa hivi: mwenye sifa ya kupiga kura haruhusiwi kuingia chamani, na mwenye ruhusa ya kuingia chamani hana sifa ya kupiga kura.

Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam 1926, ndiye aliyeibadili hali hii kuwa nguvu. Alikuwa mwimbaji kiongozi katika kikundi cha lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani, kiitwacho Bomba. Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipotembelea Dar es Salaam, aliwauliza viongozi wa TANU wanawake wako wapi. Ndipo Bibi Titi akatafutwa na kupewa kazi ya kuongoza sehemu ya wanawake. Swali la mgeni lilifungua nafasi, lakini kilichofuata hakikuwa cha mgeni. Bibi Titi alikwenda moja kwa moja kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, akawaomba wawalete wanachama wao. Vikundi vile vilikuwa na kila kitu ambacho chama cha siasa hukihitaji: viongozi wanaosikilizwa, michango inayokusanywa, sare, na mtandao wa nyumba kwa nyumba unaoweza kuujaza uwanja kwa siku moja. Tena havikuwa vya kabila moja. Oktoba 1955 Oscar Kambona, katibu mkuu wa TANU, aliandika barua kwenda ofisi ya Fabian, jumuiya ya wasoshalisti wa Uingereza, London, akieleza kwamba sehemu ya wanawake, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imefunguliwa, imekwisha kufikisha wanachama 5,000.

Elimu ya hao 5,000 ukiilinganisha na masharti ya miaka mitatu baadaye, utaona kwamba wengi wao hawakuweza kumpigia kura mtu waliyemsimamisha jukwaani. Bibi Titi mwenyewe alisoma miaka minne tu, hivyo kigezo cha elimu hakikumfaa. Wanawake hawa walifanya kampeni, walipika, walichangisha, walilala njiani katika ziara za mikoani, kwa ajili ya kura za watu wengine. Sijui namna bora ya kuwaonyesha vijana maana ya kudai haki kuliko hii, na inaniuma kwamba vitabu vya shule huwapa sentensi mbili tu.

Kura tatu ilileta tokeo jingine ambalo wengi hulisahau. Kwa kuwa kila jimbo lilikuwa na kiti cha Mwasia na cha Mzungu, na TANU iliunga mkono wagombea wa jamii hizo waliokubaliana na msimamo wake, wanawake walioingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kuchaguliwa katika uchaguzi ule walikuwa watu kama Sophia Mustafa, mwanamke wa Kiasia wa Arusha, na Lady Marion Chesham, mzaliwa wa Marekani aliyekuwa na shamba Nyanda za Juu Kusini. Barbro Johansson, mwalimu kutoka Sweden aliyejulikana sana Bukoba kwa shule ya wasichana ya Kashasha, naye alikuja kuwa mbunge wa TANU. Wote walitegemea kura za Waafrika. Mwanamke wa Kiafrika aliyekijenga chama alisubiri.

Hakusubiri sana, hilo niseme. Kwa uchaguzi wa Agosti 1960 masharti yalipunguzwa: kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au kipato cha pauni 75, au wadhifa. Watu takriban 885,000 waliandikishwa. Bibi Titi akaingia bungeni. Lakini angalia mwaka 1960 ulivyo na mtego wake: kati ya viti 71, viti 58 havikuwa na mpinzani, mgombea wa TANU akapita moja kwa moja. Katika majimbo hayo hakuna sanduku lililofunguliwa. Maelfu kwa maelfu ya wanawake walioandikishwa kwa mara ya kwanza walikuwa na haki ya kupiga kura wala wasipige, kwa sababu hakukuwa na cha kupigia.

Ndiyo maana mimi naupa uzito mwaka 1962. Tarehe 1 Novemba 1962 Tanganyika ilimchagua rais wake wa kwanza, na safari hii hakukuwa na sharti la shule wala la mfuko. Kila raia mzima alikuwa na kura, na sanduku lilikuwa wazi nchi nzima, Nyerere dhidi ya Mtemvu. Nyerere alipata kura 1,127,978 na Mtemvu 21,276. Yule mkulima wa Handeni niliyemtaja mwanzo, asiyesoma, asiye na mshahara, siku yake ni hiyo. Ukitaka mwaka wa wanawake wenye cheti, andika 1958 na 1959. Ukitaka wa wanawake wa Tanganyika walivyokuwa wengi wao, andika 1962.

Zanzibar ni kisa tofauti kabisa, na ukikiweka kando ya Tanganyika wanafunzi wataelewa jambo ambalo maelezo marefu hayawezi kulifundisha. Coutts yuleyule wa Kenya ndiye aliyeletwa Unguja kushauri juu ya uchaguzi. Wa kwanza ulifanyika Julai 1957, kwa viti 6. Mpiga kura alipaswa awe raia wa Sultani, wa miaka 25 na zaidi, mwenye kisomo na mali au kipato cha kiasi fulani, na mwanamume. Sababu iliyotolewa ilikuwa mila na dini: eti mwanamke wa heshima hatoki kwenda kujipanga foleni na wanaume.

Lakini dini hiyohiyo ndiyo iliyompa mwanamke wa Zanzibar fungu lake la mirathi na haki ya kumiliki mali kwa jina lake. Walikuwapo Unguja na Pemba wanawake wenye mashamba ya mikarafuu, wenye nyumba za kupangisha, walioweka wakfu misikiti na visima. Kwa kigezo cha mali wengi wao wangepita. Tanganyika haikutaja jinsia, na umaskini ndio uliomzuia mwanamke. Zanzibar mwanamke tajiri alizuiwa kwa jinsia yake peke yake, huku mpangaji wake akienda kupiga kura. Yeyote anayedai kwamba Uislamu ndio uliomnyima kura mwanamke wa Zanzibar ajibu kwanza hilo.

Miaka iliyofuata ndiyo ile wazee wa Visiwani huita zama za siasa. Chama cha Hizbu (ZNP) na Afro-Shirazi viligawa mitaa, misikiti, hata familia. Watu walisusiana maduka, walisusiana mazishi. Wanawake walikuwa humo ndani kikamilifu: mikutanoni, katika kususia, katika nyimbo. Mwaka 1959 kukaundwa kamati rasmi ya kuchunguza kama wanawake waongezwe kwenye daftari, na njia ikafunguliwa. Januari 1961 wanawake wa Zanzibar wakapiga kura kwa mara ya kwanza.

Matokeo yake yalionyesha kura moja ina thamani gani. Afro-Shirazi ilipata viti 10, Hizbu 9, na chama cha Watu wa Zanzibar na Pemba viti 3. Kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa tofauti ya kura moja. Wale watatu wa chama kidogo wakagawanyika, serikali ikashindikana kuundwa, uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huohuo. Siku ya kurudia ikazuka ghasia, na watu 68 walipoteza maisha. Haifai kuificha habari hii darasani kwa kutaka kisa kiwe kizuri. Wanawake waliingia katika kura wakati ambapo kura yenyewe ilikuwa imekuwa jambo la kufa na kupona.

Idadi ya kura zilizopigwa inaeleza upanuzi ule vizuri: takriban 35,000 mwaka 1957, karibu 90,000 mwaka 1961, na zaidi ya 160,000 Julai 1963, masharti yote yalipoondolewa na kila mtu mzima akaruhusiwa. Katika uchaguzi huo wa mwisho Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, asilimia 54, ila ikapata viti 13 tu kati ya 31. Miezi michache baadaye yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, na Wazanzibari hawakuchagua tena wawakilishi wao wa ndani hadi 1980. Mwanamke aliyepiga kura 1963 akiwa na miaka 30 alikuwa amekaribia miaka 47 alipopata nafasi hiyo tena.

Niguse majirani kwa ufupi, kwa sababu wanafunzi watauliza. Kongo ya Wabelgiji ilifanya uchaguzi wa Mei 1960, ule uliomleta Patrice Lumumba, kwa kura za wanaume peke yao. Wanawake walisubiri hadi 1967. Rwanda na Burundi zilikuwa chini ya Mbelgiji huyohuyo, lakini kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Umoja wa Mataifa ulisisitiza kura ya watu wazima wote. Wanawake wakapiga kura huko Septemba 1961. Mtawala mmoja, mwaka mmoja baadaye, jibu tofauti. Ubelgiji kwenyewe wanawake walikuwa wamepata kura ya bunge 1948 tu.

Sasa sehemu ya pili ya swali lako: walipewa au waliipigania? Mombasa na Zanzibar kura ya mwanamke ilikuwa hoja yenyewe, iliyotajwa kwa jina, kwa kuwa ilizuiwa kwa jina. Tanganyika sikuti harakati ya wanawake iliyosimama kudai kura ya wanawake peke yake. Walidai uhuru, na TANU ilidai kura kwa kila mtu mzima, na kura ya mwanamke ilikuwa ndani ya dai hilo. Wako wanaolitumia hili kusema kwamba wanawake wa Tanganyika walipata kura bila kuitafuta. Nakataa kabisa. Sharti la shilingi 3,000 la 1958 halikuporomoka ndani ya miaka minne kwa hisani ya gavana. Liliporomoka kwa sababu TANU ilikuwa imeonyesha kwamba nchi nzima iko nyuma yake, na sehemu kubwa ya hiyo nchi nzima, ile iliyojaa viwanjani na kukata kadi, ilikuwa wanawake. Mwaka 1962 ilipoundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, Bibi Titi akiwa mwenyekiti wake wa kwanza, ilirithi watu waliokwisha kuwa na uzoefu wa miaka saba.

Kama darasa lako lina muda, wapeni kazi ya kuhoji. Umri wa kupiga kura mwaka 1962 ulikuwa miaka 21, kwa hiyo bibi anayeikumbuka kura ile kama mpiga kura alizaliwa 1941 au kabla. Ni wachache, wapo, na hawatakuwapo siku nyingi. Anzeni mwaka huu. Msimuulize alipata haki lini, kwa sababu atajibu kwa mwaka aliousikia redioni. Muulizeni aliandikishwa wapi, karani alimuuliza nini, jina la nani liliandikwa, alikwenda kituoni na nani, alikaa foleni gani, karatasi ilikuwa na picha gani, na kama alikuwa na kadi ya chama kabla ya kuwa na kura. Wenye asili ya Pemba au Unguja, na Tanga wako wengi, waulizeni kuhusu 1961 na si 1957. Mkipata bibi aliyeandikishwa 1960 na hakuwahi kuliona sanduku, mwandikeni jina la jimbo lake, kisha mtazame kama ni miongoni mwa yale 58.